Nilifundisha Michezo Daftarini, Sasa Nimeletewa Uwanja

Mpendwa Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo, naomba msaada wako na naomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu mimi mwenyewe naandika nimesimama, kukaa siwezi, mapaja yananiuma kwa raha, na hilo la mapaja nitalieleza likifika zamu yake, usiniharakishe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la tano katika shule ya msingi, huu ni mwaka wa kumi na moja, na wanafunzi wananiita Mama Desimali wakidhani sijui. Mwili wangu ni wa wastani, nasema wastani kwa sababu barua ni yangu. Sasa miaka sita iliyopita mwalimu mkuu wetu alikuwa anapanga ratiba, akafika kwenye vipindi vya michezo, viwili kwa wiki, Jumatatu na Jumatano, akainua macho na kutazama chumba cha walimu, na Shangazi, ghafla walimu wote wakawa na chaki zilizoanguka chini ya meza, kila mtu ameinama anatafuta, mimi peke yangu nimebaki na kikombe changu mdomoni, basi akasema, "Mwalimu, hivi vya darasa la tano ni vyako," na chai ikanipalia hapo hapo.

Kila mwalimu anajua kipindi cha michezo kinavyotumika. Mwenzangu mmoja hukitumia kusahihishia madaftari, mwingine anafyekesha nyasi, na mimi nilikitumia kwa sehemu na asilimia, kwa sababu mtihani wa mwisho wa mwaka haumwulizi mtoto ameruka juu kiasi gani. Tena kiwanja chetu ni mteremko, una jiwe katikati na shimo pembeni, mpira ukiuacha unashuka mwenyewe mpaka kwa jirani, na jirani ana mbwa. Mpira wenyewe ulikuwa mmoja, umefungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu, umesinyaa kama mfuko uliomalizika unga. Nilijiona nawasaidia watoto. Wallahi nilijiona nawapenda.

Ila kuna kitu kinaitwa andalio la somo. Kila kipindi, mwalimu unaandika kwenye daftari unataka kufundisha nini, kwa vifaa gani na kwa hatua zipi, halafu kipindi kikiisha unaandika chini yake tathmini, yaani somo limekwendaje. Mwalimu mkuu anakusanya madaftari kila Ijumaa, anagonga mhuri, anarudisha. Sasa ningeandika nini mimi? Ningeandika "Michezo: asilimia"? Nikabuni. La kwanza nililibuni kwa woga, mistari minne tu, watoto walikimbia wakarudi, basi. Mhuri ukagongwa. La pili nikalitia chumvi kidogo, watoto wakakimbia wakapokezana vijiti. Mhuri. La tatu, Shangazi, likanoga, na hapo ndipo nikagundua, miaka yote hii nahangaika na desimali, kumbe nina kipaji!

Ikawa ndiyo raha yangu ya kila Jumapili mchana. Baba watoto ni fundi cherehani, yeye anashona upande ule wa meza na mimi naandika upande huu. Niliwarusha kamba wawili wawili, nikawapitisha kwenye matairi, nikawafundisha kudaka na kurusha, nikachora na michoro kwa rula, vitoto vyembamba kama njiti za kiberiti vinaruka viunzi. Na tathmini ndizo nilizozipenda kuliko vyote. "Wanafunzi wote walishiriki kwa bidii." "Jasho lilitoka, furaha ilionekana." Na moja niliyoiandika siku mvua inanyesha, sijui ilitoka wapi, "Mtoto mmoja alianguka, akacheka, akainuka, akaendelea." Nikaisoma nikalia, mwenzio! Mtoto ambaye hayupo! Baba watoto akanyamazisha cherehani akauliza nani amekufa.

Basi mwaka huu ukaja mfuko wa fedha za kuboresha michezo katika shule za msingi, na katika kata yetu yenye shule ishirini ingepewa shule moja tu kwa kuanzia. Akaja afisa wa michezo, mama mmoja amevaa suti na raba, mwendo wa haraka, ana siku tatu tu za kumaliza shule zote ishirini, na kwa hiyo hakuweza kukaa uwanjani kote huko, akawa anapitia maandalio. Mimi nikaitwa ofisini. Nikajua nimeumbuka. Nikaingia, nikamkuta afisa anafuta macho kwa leso, daftari langu liko wazi mbele yake.

"Mwalimu," akaniambia, "miaka kumi na minane nasoma maandalio ya michezo. Sijawahi kuona mwalimu aliyeona kwamba mtoto alianguka akacheka. Wenzako wananiandikia 'somo limefaulu.' Wewe ulikuwepo!"

Shangazi, sikuwepo! Mimi nilikuwa ubaoni nazungusha duara kwenye desimali! Nikamtazama mwalimu mkuu, ambaye dirisha la ofisi yake linaangalia darasa langu uso kwa uso, na miaka sita ananiona humo ndani kila Jumatatu na kila Jumatano, na mwalimu mkuu akatazama dari kwa makini kana kwamba ndiyo kwanza ameijua.

Ndiyo, tukapewa. Lori likaja, likashusha mipira thelathini, kamba, magodoro ya kurukia, viunzi, na filimbi mpya inayong'aa ikiwa na kamba yake ya shingoni, nikavishwa mimi mbele ya shule nzima kama bibi harusi. Na si hivyo tu, litakuja katapila kusawazisha kile kiwanja chote, jiwe litoke, shimo lizibwe. Ila kuna sharti. Kabla ya katapila, Ijumaa ya wiki ijayo toka leo ninapokuandikia, mimi nifundishe somo la mfano, na walimu kutoka shule zote zile waje wakae kwenye viti waone linavyofundishwa. Mimi!

Kwa hofu nikasema Jumatano ya wiki ile ile ya lori nianze mazoezi. Nikaingia darasani, nikasema, "Haya, watoto, tokeni nje." Hakuna aliyeinuka. Wako hamsini na wawili, wananitazama. Kiranja akasimama polepole akauliza, "Mwalimu, tumefanya nini?"

Walidhani ni adhabu, Shangazi. Nikawaambia hapana, ni michezo, na bado walitoka kwa mstari, kichwa chini, mmoja amebeba daftari la hesabu kwapani ikitokea dharura.

Nikafungua andalio langu zuri kuliko yote, somo lililomliza afisa. Loo! Nilikuwa nimeandika dakika arobaini, likaisha kwa dakika nne. Niliandika "wanafunzi wajipange mistari miwili," sikuandika kwamba mistari miwili ya watoto ishirini na sita maana yake wawili wanakimbia na hamsini wanafinyana. Niliandika "mwalimu apulize filimbi," nikapuliza, ikatoa sauti ya kuku aliyekanyagwa, darasa zima likaanguka chini kwa kicheko, mipira sita ikateremka kwa jirani, mbwa akafurahi. Nikasema basi, nimekwisha. Na ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma kabisa, mtoto ambaye tangu mwaka uanze hajanijibu swali hata moja, akaja akanivuta mkono akasema, "Mwalimu, tugawane." Akanyoosha vidole, wanane hapa, wanane pale, kila duara na mpira wake, wanaobaki wapewe kamba, na alipanga bila kupepesa, mtoto niliyemwandika kwenye ripoti kwamba hana haraka ya kufikiri! Kiwanja kikachemka. Makelele hayo! Na mimi, sijui nilipagawa na nini, nikashika kamba nikaruka. Mara tatu. Ya nne ardhi ikanikumbusha umri. Walimu wote madirishani, mwalimu mkuu naye katoa kichwa, na watoto wanahesabu kwa sauti moja, wananihesabia mimi.

Tangu siku hiyo sijatulia, Shangazi. Nimekuwa kama nimerogwa. Wiki mbili sasa sijaiba kipindi hata kimoja, na cha Ijumaa cha usafi nacho nimekichukua. Nyumbani naruka kamba nyuma ya jiko, mama mkwe wangu amekaa kwenye kigoda ananihesabia, akifika ishirini ananiambia, "Mwanangu, pumua, mjukuu wangu hajapata mama mwingine." Baba watoto amenishonea suruali ya michezo kwa kitambaa cha sare kilichobaki, mguu mmoja umepita mwingine kidogo lakini nikikimbia hauonekani. Nalala nacheka. Ndiyo maana nasema mapaja yananiuma kwa raha.

Sasa sikia kinachoniua. Jumatatu iliyopita alikuja mwalimu wa shule ya jirani, ile ya ng'ambo ya barabara, mzee mwembamba anayestaafu mwisho wa mwaka huu, sisi tunamwita Mzee Filimbi. Huyu hana kitu. Mipira yake ni ya matambara na kamba za katani, viunzi vyake ni fito, na kila siku ya Mungu watoto wake wako nje, tunawasikia mpaka kwetu, hata mimi miaka hiyo nilikuwa nikifunga dirisha ili desimali zisikike. Kwenye ule uchaguzi wa shule ya kupewa fedha yeye alikuwa wa pili kutoka mwisho. Unajua kwa nini? Andalio lake la somo, kila siku, mwaka mzima, lina maneno matatu, "Tulicheza. Tulichoka. Kesho." Afisa alilitoa kama mfano wa mwalimu asiyejali.

Amekuja kunipongeza. Amekuja na daftari jipya, tupu, amelifunika kwa gazeti vizuri, akaniomba anakili maandalio yangu. Akasema, "Mimi kuandika sikujaliwa, mwalimu. Nikikaa naandika, nani atawatazama? Lakini naondoka, na nataka atakayeshika nafasi yangu akute daftari la maana, watoto wangu nao wapate mwakani." Akakaa kwenye benchi la chumba cha walimu, ananakili kwa mkono wa polepole, ukurasa kwa ukurasa. Akafika pale. Akainua uso, anatabasamu, akaniuliza, "Huyu mtoto aliyeanguka akacheka, ni yupi? Nataka nimwone."

Shangazi, nilimwonyesha mtoto. Nilinyoosha kidole dirishani kwa kitoto cha kwanza kilichokuwa bombani kinanawa miguu, nikasema yule pale. Na mzee akainuka, akatoka mpaka bombani, akakishika mkono.

Siwezi kuisahau sura ya kile kitoto, kinashikwa mkono hakijui kimefanya nini. Baba watoto anasema ninyamaze, kwani sasa si nafundisha kweli, uongo umeshageuka kweli, ya nini tena kuufukua. Mama mkwe anasema niseme. Mwalimu mkuu nilimgusia, akaniambia, "Mwalimu, kilichogongwa mhuri kimegongwa mhuri." Nikisema, watachukua vitu vyote, katapila halitakuja, na watoto wangu hamsini na wawili ambao ndiyo kwanza wamejua kutoka nje watarudi ndani kwa kosa langu mimi. Nisiposema, yule mzee anastaafu ameshika daftari la ndoto zangu kifuani, anadhani mimi ndiye mwalimu na yeye ndiye mzembe. Je, siwezi kungoja basi Ijumaa ipite, wapate kwanza uwanja, ndipo niseme? Nisaidie, Shangazi. Nacheka mchana kutwa, nikikumbuka bombani naitupa kamba chini.

Ni mimi,
Mama Desimali

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Desimali, marahaba. Barua yako nimeitanguliza mbele ya zote, kwa sababu Ijumaa yako haingoji foleni. Nimecheka mpaka chai imemwagikia barua ya bwana mmoja anayelalamikia wifi yake, atanisamehe. Nimekusoma mpaka kwenye mbwa wa jirani nikiwa upande wako. Nimefika bombani, nikaweka kikombe chini.

Tuanze na hili la kungoja Ijumaa ipite. Mwanangu, hapo umenichekesha vibaya. Anayejisema kabla ni mkosaji aliyerudi nyumbani. Anayejisema baada ya katapila kuondoka ni mwizi aliyeshiba ndipo akamkumbuka Mungu. Umeniandikia barua ndefu hivi kuniuliza swali ambalo jibu lake unalo, ila ulitaka mtu mwingine alibebe. Mimi mgongo wangu nao una miaka yake. Libebe.

Na mume wako mwambie nimempa salamu. Yeye ni fundi. Mteja akilipia suti asiyoshonewa, kisha fundi akaanza kujifunza kushona baada ya kupokea hela, suti ile ya kwanza inakuwa imeshonwa? Aache kukuonea huruma kwa hoja mbovu, arudi kusawazisha mguu wa suruali. Mama mkwe wako kwa neno moja amewashinda ninyi wawili, mheshimu.

Sasa fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Kwa afisa usianzie. Najua ungependa kuanzia kwake, kwa sababu yeye ana kalamu na mhuri, na mtu akiungama kwa mkubwa hujiona shujaa. Anza na mzee. Kesho, kipindi chake kikiwa uwanjani, vuka barabara uende. Usimwite pembeni kwa "kuna kajambo kadogo." Si kadogo. Mwambie, "Mwalimu, masomo uliyonakili sikuyafundisha. Yule mtoto niliyekuonyesha hakuanguka, nilimsingizia. Wakati mimi naandika, wewe ulikuwa unafundisha." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu, wanaanza kujitetea, ratiba, mtihani, mwalimu mkuu, jiwe katikati ya kiwanja. Funga mdomo umwachie yeye nafasi ya kukasirika. Ana haki nayo. Akikufukuza, ondoka, urudi keshokutwa. Na daftari lile usimwombe akurudishie, ni jasho la mkono wake, yeye ndiye ataamua kulichoma au kuwashia sigara au kukuta humo mchezo mmoja wa maana.

Ukitoka hapo, ndipo uende kwa afisa, na uende kabla ya Alhamisi. Akikubali mzee, nendeni wote. Mwambie ukweli wote, pamoja na miaka sita, halafu usiombe msamaha tu kama mtoto aliyevunja kikombe, peleka na pendekezo. Mwombe somo la mfano la Ijumaa lihamie ng'ambo ya barabara. Walimu wabebe viti vyao wakamwone mzee akiwachezesha watoto kwa matambara na fito. Wewe kaa pembeni na daftari, uandike unachokiona, kwa kuwa kipaji cha kuandika unacho kweli, hilo silikatai, ila safari hii kiwe na macho. Na shule zenyewe zinatenganishwa na barabara tu, jamani! Kiwanja kimoja kikisawazishwa vizuri kinatosha watoto wa pande zote mbili mkikubaliana ratiba, na mipira thelathini ikigawanywa haipungukiwi utamu. Kizuri kula na mwenzio, hasa kama mwenzio ndiye aliyekilima.

Watachukua vitu? Huenda. Sikufichi. Lakini umeshajiamulia kwamba afisa atakuwa katili, na hujampa hata nafasi ya kuwa na akili. Mama aliyelia kwa sababu mtoto alianguka akacheka si mtu wa kufurahi kuwarudisha watoto ndani. Na vikichukuliwa vyote mpaka ile filimbi, je, yule binti wa dawati la nyuma alihitaji katapila kuwagawa wenzake wanane wanane? Tengeneza mipira ya matambara. Mume ni fundi cherehani, vipande vya nguo vimejaa chini ya meza, unaniuliza mimi vifaa viko wapi!

Na kwa kuwa barua hii inasomwa na wengi, wewe afisa, kama gazeti limekufikia, pole kwa leso yako. Lakini shule ishirini kwa siku tatu? Mwakani omba siku zaidi, na fedha za umma zitoke baada ya mtu kusimama kwenye vumbi nusu saa na kusikiliza kama kuna makelele. Ungetembea hatua mia mbili tu ungemsikia mzee. Na wewe mwalimu mkuu uliyetazama dari, mfuko wa fedha hauwezi kuboresha kipindi ambacho hakipo. Fungua ratiba yako leo, uweke nani anafundisha michezo darasa gani, halafu Ijumaa kabla ya kugonga mhuri, tazama dirishani. Dirisha unalo. Umpeleke na huyu mwalimu wako akafunzwe, anaonekana ana kiu, mafunzo ya wiki mbili ni rahisi kuliko magodoro.

Narudi kwako, Mama Desimali, kwa sababu kuna watu ambao deni lao hujanitajia hata kidogo, na ndio walionifanya niisome barua yako mara ya pili. Umenisimulia hofu yako, afisa, mzee, katapila na mapaja. Kiranja wako alisimama akauliza wamefanya nini, ukaniandikia kama kichekesho. Nami nilicheka, halafu nikajiuliza, mtoto wa darasa la tano anafikaje mahali pa kudhani kutolewa nje kucheza ni adhabu? Alifundishwa. Wewe ni wa hesabu. Vipindi viwili kwa wiki, kwa miaka sita, darasa baada ya darasa. Piga mwenyewe, jibu usiniletee, sina moyo wa kulisikia. Wa mwaka wa kwanza wameshamaliza shule, hutawapata tena, na hao hakuna afisa atakayekudai kwa niaba yao.

Raha uliyoipata kwenye kamba ni ya kweli, sitaki uiache kwa ajili ya aibu, ruka mpaka mama mkwe achoke kuhesabu. Ila raha hiyo umeionja kwa wiki mbili ukaandika kurasa kwa furaha, na wao walinyimwa mwaka mzima wakakaa kimya, wanatazama ubao. Kwa hiyo ukishamaliza kwa mzee na kwa afisa, iwe wamekusamehe au wamekutimua, ingia darasani Jumatatu, uwaambie watoto. Waambie kwa maneno yao, bila kuzunguka. "Vipindi hivi viwili viliandikwa kwenye ratiba kwa ajili yenu, mimi nikavichukua." Wapitie na wa darasa la sita na la saba, nao walipita mikononi mwako.

Watakutazama. Mmoja atataka kujua kama zile hesabu basi hazihesabiki, mwambie zinahesabika sana, ila hukupaswa kuzilipia kwa kitu chao. Na mwingine, lazima atakuwepo mmoja, atauliza kama michezo hii ni zawadi umewaletea wewe au ilikuwa haki yao tangu siku ya kwanza. Usimeze mate. Mjibu kwamba ilikuwa haki yao, halafu uwatoe nje wote, kengele isije ikawakuta mmekaa.